Farasi 98 kati ya 215: kisa cha Mark X iliyokaribia kubadilishwa giaboksi Dodoma

Usuli

Gari la kisa hiki ni Toyota Mark X ya toleo la kwanza, injini 4GR-FSE, V6 ya lita 2.5, giaboksi ya otomatiki ya gia sita. Mwenye gari ni mama mtumishi aliyehamia Dodoma na ofisi yake kutoka Dar es Salaam. Jina lake, namba za gari na gereji ya kwanza vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa ufundi yamebadilishwa ili asitambulike.

Malalamiko yake yalikuwa yaleyale tunayoyasikia kila wiki: gari halivuti. Alipokuwa Dar lilikuwa jepesi, alipofika huku likaanza uzito, na uzito ukazidi mwezi hadi mwezi. Safari ya Iringa kupitia Mtera ndiyo iliyomtisha. Kwenye kupanda Nyang'oro gari lilikataa kupita kilomita 60 kwa saa, injini ikipiga kelele, giaboksi ikishuka gia na kupanda tena bila kutulia.

Gereji ya kwanza ilichomeka kifaa kidogo cha bluutuzi chini ya dashibodi, ikafungua programu ya simu inayokadiria nguvu ya injini, na fundi akakanyaga mafuta hadi mwisho gia ikiwa D. Simu ikaandika nguvu farasi 98. Kiwandani injini hii inatajwa kuwa na farasi 215, yaani kilowati 158, kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika. Fundi akatoa hesabu yake papo hapo: farasi 117 zimepotelea kwenye giaboksi, giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine ya mtumba. Mafuta ya giaboksi yalikuwa yameshamwagwa na kuwekwa mapya, na hali haikubadilika hata kidogo.

Gari lilifika kwetu kabla fedha ya giaboksi haijatumwa Dar. Mwenye gari hakuja kutengeneza. Alikuja na swali moja: "Fundi, naomba uniambie kama hiyo namba ni ya kweli."

Tulichokijua kabla ya kugusa gari

Hesabu ya gereji ya kwanza ilikuwa na tatizo ambalo halihitaji chombo chochote kulibaini. Nguvu haipotei hewani. Kama giaboksi inakula farasi 117, hizo ni karibu kilowati 86 za joto, na sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye mafuta yake. Giaboksi ya namna hii ina mafuta ya lita saba au nane hivi. Ukiweka kilowati 86 kwenye mafuta kiasi hicho, joto linapanda karibu nyuzi 7 kila sekunde, ukiacha pembeni lile linalochukuliwa na chuma na rejeta. Kwa kupanda mlima dakika tano tu, mama huyu angeegesha gari likitoa moshi. Yeye alifika Iringa na kurudi, na mafuta yaliyomwagwa hayakuwa na harufu ya kuungua.

Jambo la pili ni mwinuko. Dodoma iko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 88 au 89, wakati Dar es Salaam ni 101. Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo, basi. Kwa hiyo injini ya farasi 215, hata ikiwa mpya kutoka boksini, hapa kwetu inabaki na takriban 189. Vipimo vya kitaalamu kama SAE J1349 husahihisha matokeo yafanane na hewa ya kilopaskali 99 na nyuzi 25, na ndiyo maana namba mbili kutoka miji miwili haziwezi kuwekwa pamoja hivihivi. Programu ya simu haikusahihisha chochote.

Jambo la tatu ni petroli. Toleo hili la injini lilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake haishuki chini ya 96. Ikipewa ya chini ya hapo, kompyuta huchelewesha moto ili injini isigonge, na nguvu kidogo inaondoka. Hiyo si ajali, ni kinga.

Kwa hiyo tuliingia kazini tukijua kwamba 215 si kipimo cha kulinganisha nacho. Shabaha yetu ilikuwa kitu cha chini ya 189, kikipimwa kwenye injini. Na simu haikuwa imepima kwenye injini.

Kwa nini otomatiki inasumbua wapimaji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mafundi wengi wazuri wanapoanguka.

Kwenye gari la manyuali (yaani la klachi), ukishaachia klachi, injini na tairi zimefungwa pamoja. Ukijua mwendo wa tairi, umejua mizunguko ya injini. Kwenye otomatiki kuna toki konveta katikati: injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha turbini ya giaboksi. Turbini daima iko nyuma ya injini kidogo, isipokuwa pale lokapu, yaani klachi ya ndani ya konveta, inapozifunga pamoja. Gari likiwa limesimama na mafuta yamekanyagwa, konveta inaweza kuzidisha toki (nguvu ya kuzungusha) karibu mara mbili, lakini nguvu haizidishwi, maana turbini bado haizunguki. Mwendo ukishakua na stata (gurudumu la katikati linaloelekeza mafuta ndani ya konveta) ikaanza kuzunguka huru, toki inayoingia na inayotoka huwa sawa, na hapo hasara ya nguvu ni sawasawa na mtelezo: turbini ikiwa nyuma kwa asilimia 5, asilimia 5 ya nguvu imegeuka joto.

Anayepima kwa kukanyaga mafuta kwenye D anapima vitu vitatu kwa wakati mmoja: injini, konveta inayotelezesha kwa viwango tofauti kila sekunde, na giaboksi inayobadilisha gia katikati ya kipimo. Kwenye mashine ya rola, yaani daino, mpimaji mzoefu hufunga gia moja, kwa kawaida ile yenye uwiano wa moja kwa moja. Kwa giaboksi hii ni gia ya nne. Barabarani haiwezekani, maana gia ya nne ikifika mizunguko 6,000 gari liko zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Hakuna barabara wala sababu ya kufanya hivyo.

Mfuatano wa vipimo

Tulianza na kipimo cha kusimama: breki zimekanyagwa, magurudumu yamewekewa vizuizi, mafuta ya giaboksi yamepata joto la kazi, gia D, mafuta hadi mwisho kwa sekunde zisizozidi 5. Kisha hivyohivyo kwa R. Mizunguko ilisimama chini ya kiwango cha kitabu cha gari kwa asilimia 11, pande zote mbili.

Klachi za ndani zikiwa zinateleza, mizunguko hupanda juu ya kiwango. Hapa ilikuwa chini, na sawa kwa D na R, kwa hiyo lawama zilihamia kwenye injini, au kwenye stata ya konveta ikiwa klachi yake ya upande mmoja imekwisha. Lakini kuna mtego. Mizunguko ya kusimama hufuata kipeuo cha pili (skweruti) cha toki: toki ikishuka asilimia 12 kwa ajili ya mwinuko peke yake, mizunguko hushuka asilimia 6 tu. Asilimia 11 ilimaanisha toki imebaki kama asilimia 80 ya ile ya kitabu. Ni udhaifu, ila si ule wa gari linaloshindwa mlima. Ama kipimo kilikuwa kinatuficha kitu, ama ugonjwa ulikuwa unatokea kwenye mizunguko ya juu ambayo kipimo hiki hakifiki.

Basi tukaamua kupima barabarani, kwa utaratibu. Mnunuzi mmoja wa alizeti alituruhusu kupitisha gari kwenye mizani yake: kilo 1,690 pamoja na dereva, msomaji wa skana na vifaa. Programu ya simu ilikuwa imepewa kilo 1,510 za kwenye karatasi ya Japani, gari tupu. Mwenye eneo mmoja nje ya mji akaturuhusu kutumia barabara yake ya lami, tambarare, yenye geti. Jaribio la kwanza la alasiri halikufaa, kwa sababu upepo wa Dodoma wakati huo hausamehe na matokeo ya kwenda na kurudi yalipishana mno. Tukarudi alfajiri.

Gia tuliifunga kwenye S2, kipimo kikaanzia kilomita 60 hadi 90 kwa saa. Tulichagua 60 kwa makusudi: kwa mwendo huo gia ya kwanza ingeipeleka injini kwenye mstari mwekundu, kwa hiyo kompyuta haiwezi kuishusha hata ukikanyaga mafuta yote. Gia ya pili inabaki ya pili, mwanzo hadi mwisho. Kiyoyozi kimezimwa, upepo wa tairi umesawazishwa, kila mwendo umefanywa pande zote mbili na wastani kuchukuliwa. Hilo la pande mbili si urembo. Mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, ambao jicho halitauona, kwa gari hili unaongeza au kupunguza kilowati 3.4 kwenye mwendo wa 75.

Skana ya Toyota ilirekodi vitu vinne: mizunguko ya injini, mizunguko ya turbini, mizunguko ya shafti inayotoka giaboksi, na gramu za hewa zinazoingia kila sekunde.

Matokeo: kutoka 60 hadi 90 kwa sekunde 5.1.

Hesabu yake ni hii. Kilo 1,690, ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vitu vinavyozunguka (injini, konveta, magurudumu), unapata kama 1,860. Nishati ya kutoka mita 16.7 kwa sekunde hadi 25 ni kilojuli 323. Gawa kwa 5.1, ni kilowati 63. Ongeza 7 za kushinda upepo na msuguano wa tairi, ni 70 kwenye magurudumu. Difu, shafti, gia na tairi tumezikadiria asilimia 8, konveta tumeisoma: mtelezo asilimia 4. Injini ilikuwa inatoa wastani wa kilowati 80. Injini nzima kwa mwinuko wa Dodoma, katika mizunguko ileile, ingetoa kama 120.

Giaboksi nayo ilijieleza yenyewe. Mizunguko ya turbini ikigawanywa kwa ya shafti ya kutoka ilibaki na uwiano uleule wa gia ya pili kutoka 60 hadi 90, bila kuyumba. Klachi inayoteleza haiwezi kufanya hivyo.

Kipimo cha hewa ndicho kilichofunga mjadala. Injini ya petroli isiyo na tabo, mafuta yakiwa yamekanyagwa yote, hutoa karibu kilowati 1 kwa kila gramu ya hewa kwa sekunde. Si sheria ya fizikia, ni kadirio la gereji, lakini linakaa vizuri. Kilele cha hewa kilikuwa gramu 86 kwa sekunde, wakati tulitarajia kati ya 120 na 130. Hewa inapimwa kabla injini haijaigusa. Giaboksi iwe nzima, iwe mbovu, iwe haipo kabisa, haiwezi kuipunguza hewa hiyo. Injini ilikuwa inashindwa kupumua.

Kutafuta kilichoziba

Washukiwa walikuwa wawili. Kwanza masizi kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa sababu injini hii hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na valvu zake haziogeshwi na petroli kama za injini nyingine. Pili, masega kwenye eksozi, yaani kile kisafisha moshi chenye vijitundu vingi (katalitiki konveta).

Marekebisho ya mafuta kwenye skana yalituonyesha njia kabla hatujafungua bolti yoyote. Upande wa silinda 1, 3 na 5 kompyuta ilikuwa inaongeza petroli asilimia 11. Upande wa 2, 4 na 6 ilikuwa inapunguza asilimia 14. V6 hii ina sensa moja ya hewa kwa pande zote mbili, na kompyuta hudhani kila upande unapata nusu. Upande mmoja ukizibwa, unapata hewa pungufu na petroli yake inakuwa nyingi, wakati wenzao wanapata hewa ya ziada na petroli inakuwa haba. Pande mbili zinapokimbiana hivi, tafuta mziba wa upande mmoja. Masizi kwa kawaida huenea kote.

Tulitoa sensa ya oksijeni ya mbele kila upande na kufunga geji ya presha mahali pake. Kwa mizunguko 2,500, presha ya eksozi haitakiwi kuzidi kilopaskali 20 hivi. Upande wa kwanza: 7. Upande wa pili: 38.

Tulipomuuliza mwenye gari kama taa ya injini iliwahi kuwaka, akasema ndiyo, tangu Dar, gari lilikuwa linamisi, na gereji moja "ikaifuta kwenye kompyuta". Kumbukumbu ya msimbo P0304 ilikuwa bado kwenye karatasi aliyopewa: silinda ya 4 haikuwa inawaka sawasawa. Koili yake ilikuwa imepasuka. Kwa miezi mingi petroli isiyoungua ilikuwa inatiririka kwenye masega, inaungulia humo, na kuyeyusha vijitundu vyake. Uzito uliozidi "mwezi hadi mwezi" ulikuwa ni huo.

Uamuzi

Palikuwa na shinikizo la kutoboa masega na kuacha bomba tupu, na wapo waliomwambia mama kwamba ndivyo kila mtu anavyofanya. Tulikataa kuipendekeza njia hiyo. Masega yanageuza gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo inaua, na mama huyu anabeba watoto kwenda shule kila asubuhi, kwenye foleni, na magari mengine nyuma yake yakiwa na watoto vilevile. Tulipata masega ya mtumba ya upande huo, tukayapima mtiririko kabla ya kuyafunga, tukabadilisha koili na plagi zote sita. Giaboksi haikuguswa, isipokuwa kurekebisha kiwango cha mafuta, ambacho kwenye giaboksi hii isiyo na kijiti hupimwa kwa joto maalumu na gereji ya kwanza iliyajaza kwa kukisia.

Gharama yote ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya giaboksi ya mtumba.

Matokeo

Barabara ileile, alfajiri, uzito uleule: sekunde 3.6. Wastani wa injini kilowati 111. Kilele cha hewa gramu 119. Presha ya eksozi chini ya 10 pande zote. Marekebisho ya petroli yakarudi ndani ya asilimia 4.

Mtelezo wa konveta ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 5. Mwanafunzi wetu mmoja alishtuka kuona hivyo, akadhani tumeharibu kitu. Ni kinyume chake: konveta nzima hutelezesha zaidi inaposukumwa na injini yenye nguvu zaidi kwa mizunguko ileile. Anayehukumu giaboksi kwa mtelezo peke yake, bila kujua toki inayoingia, atalipongeza gari gonjwa.

Giaboksi iliacha kuhangaika mlimani. Haikuwahi kuwa na ugonjwa wa kuhangaika: dereva alikuwa anakanyaga zaidi kwa sababu injini haikuitikia, na kompyuta ya giaboksi, ikiona pedeli imezama, inashusha gia kama ilivyofundishwa.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kupima mahali ambapo giaboksi haina mkono. Kama tungekuwa na muda wa kipimo kimoja tu, ningechukua gramu za hewa kwa mafuta yaliyokanyagwa yote, na hata barabara ya geti isingehitajika kwa uangalifu ule. Kipimo cha sekunde kilithibitisha, na kilimpa mwenye gari kitu anachoweza kukielewa bila kusomea ufundi: 5.1 ikawa 3.6.

Kipimo cha kusimama kilitusaidia kuondoa klachi kwenye orodha ya washukiwa, ila kwa kupata ukubwa wa tatizo kilikuwa dhaifu. Kinapima mizunguko ya chini, na eksozi iliyoziba huuma juu. Mafundi wengi hukitumia kama hukumu ya mwisho kwa sababu ni rahisi. Kwa gari la namna hii kingeweza kumrudisha mama nyumbani na jibu la "injini imechoka kidogo".

Namba ya simu, farasi 98, ni kilowati 72. Sisi tulipata wastani wa 70 kwenye magurudumu. Programu ilitumia uzito mdogo, ambao unapunguza, na ilichukua kilele badala ya wastani, ambacho kinaongeza, na makosa hayo yakafutana. Kwa hiyo jibu la swali la mama lilikuwa ndiyo, namba ni ya kweli, ila ni ya magurudumuni, ya Dodoma, ya siku ile. Ikalinganishwa na namba ya injini mezani, kiwandani, hewa ya usawa wa bahari. Tofauti ya vitu viwili visivyofanana ikabandikwa jina la giaboksi.

Kuna makadirio mawili kwenye hesabu yetu ambayo msomaji asiyachukue kama kipimo: asilimia 8 za difu na gia, na sehemu ya kumi ya vitu vinavyozunguka. Zikibadilika kidogo, 80 na 111 zote zinasogea pamoja kuelekea upande mmoja. Uwiano kati yao karibu hausogei, na ndio tuliouegemea.

Kwa 111 dhidi ya 120 zinazotarajiwa, kilowati 9 bado hazipo. Petroli ya oktani ya chini inaeleza sehemu yake, umri wa injini sehemu nyingine, na huenda masizi kwenye valvu yana lake. Hatukufungua manifoldi kutafuta, kwa sababu gari lilikuwa limeshaacha kumsumbua mwenyewe na kulifungua kungemgharimu zaidi ya faida. Tumemwandikia gramu 119 kwenye kadi ya huduma. Katika kila huduma ya kawaida hewa itapimwa tena kwa hali ileile, na ikishuka chini ya 110 valvu zitaangaliwa.